Maji Yaliyochujwa kwa Bwana Mkubwa

Basi lilipotoka Muleba, Zuena alikuwa ameketi nyuma ya karani wa ofisi ya maji aliyepakata chupa ya maji kama mtoto mchanga. Kando ya karani, bibi mmoja aitwaye Alistidia alifungua leso iliyojaa magamba matupu ya kombe, wale chaza wa ziwani. "Haya nimeyaokota pale mto unapoingia ziwani," alisema. "Tangu mgodi wa bati uanze kuoshea mawe yake mtoni, kombe wote wamekufa topeni. Chupa yako itasema nini?"

"Maji yatapimwa Bukoba, waitu bibi, ofisini kwa Bwana Mkubwa wetu. Nimeyachota palepale."

"Mbona yanang'aa?"

Karani akaeleza kwa fahari kwamba yalikuwa na tope, akayaacha yatulie, akalimwaga tope, kisha akayachuja kwa kitambaa. "Siwezi kumpelekea Bwana Mkubwa maji machafu."

Zuena alikiri moyoni kwamba kijana alilelewa vizuri.

"Kombe anaishi kwenye tope, mwanangu," Alistidia alisema kwa hasira. "Anakula tope. Umemwaga kilichomuua, sasa unampelekea Bwana Mkubwa maji ya kunywa."

Basi likasimama Bukoba. Karani akaifuta chupa vumbi, akashuka nayo kwa mikono miwili.