Mama Fungua na Paleti Kumi za Sabuni

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wa dawati la wanaouza bidhaa nje ya nchi katika chama chetu cha wenye viwanda atakabidhi muhuri na funguo za kabati, aende zake nyumbani. Jina lake la kwenye faili wanalijua wachache. Sisi wengine, pamoja na wanachama mia nne na ushee, tunamwita Mama Fungua, na mimi nimepewa kazi ya kumsifu. Kazi tamu, ila najua atausoma kila mstari akiwa na kalamu nyekundu mkononi.

Aliajiriwa akiwa mpiga chapa, enzi chama kina vyumba viwili na simu moja. Wakati huo cheti cha asili, ile karatasi inayowathibitishia wanunuzi kwamba bidhaa imetengenezwa hapa nchini, kilitolewa kwa kusoma fomu tu. Alipohamishiwa dawati hilo akaja na mtindo wake: mwenye kiwanda alete fomu na bidhaa yenyewe, aifungue hapo hapo mezani. Akimaliza kuifungua, mama anaitumia. Juisi aliinywa, betri aliitia kwenye tochi, dawa ya viatu alipaka vyake. Mwenye kiwanda cha rangi aliambiwa apake ukuta wa korido mbele yake, ndiyo maana korido yetu ina kijani cha aina tatu hadi leo. Biskuti zilikwenda nyumbani, na mumewe hujigamba kwamba yeye ndiye maabara pekee ya chama isiyolipwa.

Ni yeye pia aliyebuni banda la pamoja kwenye maonyesho ya nje, viwanda sita vidogo vikigawana meza moja kwa sababu hakuna ambacho kingeimudu peke yake. Safari ya kwanza mnunuzi mmoja alipita bidhaa zote akapenda kitambaa cha meza. Mfumaji wake alikuwa mwanachama aliyebaki nyumbani, na oda ikamfuata huko huko.

Lakini nikiiruka siku ya paleti atanikasirikia. Humsimulia kila mfanyakazi mpya, na husimulia kama kosa lake.

Mtengeneza sabuni mmoja, mjane mwenye wafanyakazi kumi na wawili, alikuwa amepata oda yake ya kwanza ya nje. Mnunuzi alishasema wazi: mzigo ukikosa meli ya wiki ile, oda imefutwa. Mama Fungua aliikagua sabuni hiyo kama anayekagua mchumba wa binti yake. Aliinusa, akaipima, akaiogea, akasoma lebo mara mbili, akagonga muhuri. Siku ya kupakia alikwenda kiwandani kushangilia. Kontena li wazi, katoni zimepangwa, naye akainama kufunga kamba ya kiatu. Hapo akaziona paleti, zile mbao za kubebea mzigo. Hazikuwa na alama ya kuonyesha kwamba zimepitishwa kwenye joto kuua wadudu, na nchi ya mnunuzi ingeurudisha mzigo wote. Alikuwa amekagua kila kitu isipokuwa kile ambacho sabuni ilikikalia.

Ilikuwa saa tano asubuhi, na lango la bandari hufungwa saa kumi na moja jioni. Paleti zenye alama alikuwa nazo mtu mmoja tu mjini, mwenye kiwanda kikubwa cha sabuni, mshindani ambaye hapikiki chungu kimoja na yule mjane. Mama hakupiga simu, alikwenda. Alimwambia kosa ni lake yeye, na kwamba mzigo huu ukirudishwa, mnunuzi hatakumbuka kiwanda, atakumbuka nchi. Bwana yule alinuna, kisha akatoa paleti kumi na lori la kuzibeba. Aliomba jambo moja tu, asitajwe, na mnaona tunavyotii.

Tulihamisha katoni mia sita kwa mikono: wale wafanyakazi kumi na wawili, sisi wa ofisini, na mwenyekiti aliyevua koti akabaki na tai. Mimi niliangusha mbili na sijasamehewa. Mzigo ulipita lango saa kumi na dakika arobaini. Mjane aliketi juu ya zile paleti zake akalia kwa furaha, Mama Fungua akaketi karibu naye, wakalia wote wawili. Leo kiwanda kile kina wafanyakazi sabini, na fomu yetu ina swali jipya: mzigo umekalia nini?

Wiki iliyopita fundi wa vigae, mwanachama wa miezi mitatu, alikwama na kontena lake la kwanza, paleti alizoagiza hazikufika. Mama alivaa miwani, akashika simu kumtafutia msaada. Fundi mwenyewe akapiga kabla yake. Malori mawili yalikuwa yameshaingia uani kwake na paleti kupita mahitaji, moja la mjane, jingine la bwana tusiyemtaja. Hakuna aliyewaomba.

Asante, mama yetu. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na miaka mingi ya furaha pamoja na jamaa zako. Nenda bila wasiwasi, tukikwama tutapigiana simu sisi kwa sisi.