Lango la Pili au la Sita

Nje ya uwanja wa ndege, kati ya maegesho ya teksi na uzio wa waya unaouzunguka uwanja, kuna benchi moja ambalo wapiga soga wake hawajawahi kushindwa kumjibu msafiri. Kwenye uzio huo ndiko wasindikizaji wanakoagia watu wao, maana ndani hawaruhusiwi: abiria akitoka langoni kuiendea ndege hupunga mkono, nawe unampungia. Shida ni kwamba lango la pili linatazama huku kwenye benchi, na la sita liko nyuma kabisa, upande wa matangi ya mafuta. Ukikosea lango, umeaga upepo. Asubuhi hiyo mwenye kuaga alikuwa dereva teksi waliyembandika jina la Ratiba, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwaambia watu ndege ipi inaondokea wapi. Binti yake, aliyebaki naye peke yake nyumbani tangu mama mtu afariki, alikuwa anakwenda kufanya kazi mbali, miaka kadhaa. Akiingia ndani alimwambia, "Baba, uliza dirisha la taarifa. Malango hubadilika." Ratiba akaitikia. Kisha akaja akaketi.

— Ni la pili, alisema. Ndege hii siku zote ni la pili.

— Hata mimi nasema la pili, akadakia Toroli, mchukuzi wa mizigo. Lango linafuata masanduku, kaka. Leo nimesukuma mazito kama mawe. Mzigo mzito, lango la karibu.

— Mbona ubao wa mlangoni nimeuona umeandika sita? aliuliza muuza kahawa, akimimina.

Profesa, mng'arisha viatu, akachekea puani.

— Ubao, mama? Ule unataja lango la mbali makusudi, ili watu wapitie madukani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Methali hiyo inaingiaje hapo?

— Kwani maduka si yako chini?

— Haya, na tangazo la sauti?

— Yule mama anayetangaza alishastaafu zamani. Sauti yake tu ndiyo imeachwa kazini. Anatangaza ndege za enzi zake.

Wakacheka. Ratiba alichelewa kucheka.

— Kaka, nenda kaulize tu, alisema muuza kahawa. Dirisha si lile pale?

Ratiba akalitazama. Kweli halikuwa mbali. Lakini msichana wa dirishani alimfahamu vizuri, mara ngapi Ratiba amewavuta abiria kutoka kwenye foleni yake, akiwaambia, "Njooni kwangu, huyo hajui kitu." Leo akajipange foleni hiyohiyo, Toroli na Profesa wakimtazama?

— Mwenye nyumba haulizi mlango, alisema.

— Hapo umenena, akasema Profesa.

— Hiyo hata si methali, akasema muuza kahawa.

Injini zikaanza kunguruma nyuma ya jengo.

— Hiyo ni ya mizigo, alisema Toroli.

— Au rubani anaipasha moto tu, alisema Profesa. Haraka haraka haina baraka, hata angani.

Ratiba akainuka, akaushika waya wa uzio, macho kwenye lango la pili. Lilikuwa limefungwa. Mngurumo ukapanda, ukapita juu ya paa, ukaisha.

Kahawa ilikuwa inamiminwa tena alipofika mfagizi wa uwanjani, ametoka zamu.

— Nipe moja, mama. Jamani, nyie si ndio mnaojua kila kitu? Kule lango la sita nimemwona binti kavaa koti la kiume, mikono imemzidi. Wenzake wote wameshapanda, yeye kasimama chini ya ngazi anapunga mkono kwenye uzio, mpaka wahudumu wakaja kumshika bega. Na uzio hauna mtu. Alikuwa anampungia nani?

Toroli akakitazama kikombe chake. Profesa akaanza kukusanya brashi. Ratiba, ambaye alfajiri alivua koti lake akamvalisha mwanawe, akimwambia huko uendako kuna baridi, alikuwa bado ameushika waya.