Siku Nne Matopeni

Katika gari la jipu la kwenda Kabambare, nilimokuwa nami, dereva mmoja wa lori aitwaye Zuberi alimsimulia Mama Mathilde, abiria asiyemjua, jinsi lori lake lilivyonasa matopeni siku nne, mlimani, huku baba yake yuko mahututi nyumbani.

"Ungetembea kwa miguu," mama akasema. "Baba iko mumoja tu."

"Dawa za wagonjwa zilikuwa ndani, mama. Ningeziachia nani?"

"Na yeye hakuwa mugonjwa?"

Nikageukia dirisha, ingawa huku bondeni nje kulikuwa na vumbi tu. Zuberi akasema polepole, "Walimuzika juzi, mimi niko nachimba matope."

Gari likasimama Kabambare. Zuberi akashuka, akamwita mtu wa pikipiki: "Nipeleke makaburini kwanza. Nyumbani baadaye."