Bwana Sefania na Neno "Inasemekana"

Baada ya miaka kumi na saba ya kushika kipaza sauti cha gari letu la sinema hapa Same, Bwana Sefania Eliufoo anastaafu tarehe 31 Machi 1958. Bwana Mkubwa wa idara ameniagiza mimi, dereva wa gari hilo, niandike wasifu huu, na amesisitiza niwe mchangamfu. Nitajitahidi.

Kazi ya Sefania, kwa wasioijua, ilionekana nyepesi. Picha zilitoka Ulaya na maelezo ya Kiingereza. Yeye alisimama kando ya shuka nyeupe akayageuza Kiswahili, na watu wakikunja uso aliongeza Chasu au Kigweno, lugha zetu za Upareni. Picha nyingi zilikuwa na watu wawili tu: mwerevu anayechimba choo, na mlevi asiyechimba. Mlevi alikufa, mwerevu akanunua baiskeli. Sisi watumishi tulitakiwa kuamini kwamba hayo ndiyo maisha.

Tatizo la Sefania ni kwamba alifikiri. Mwingine angetafsiri akaenda zake kulala. Yeye alianza kila maelezo kwa neno moja: inasemekana. Inasemekana mlevi huyu ni mjinga. Inasemekana serikali imewaletea maji safi. Siku moja tukiteremka kutoka Ngujini nilimuuliza kwa nini, akanieleza mpaka nikakosea gia. Yeye hajamwona huyo mlevi wala hajayaonja hayo maji, na anayelisema jambo asilolijua kana kwamba analijua ni mwongo, hata kama jambo lenyewe ni kweli. Mimi nilitaka tu tufike salama.

Kijiji cha Kisiwani nako hawajamsahau Sefania. Mlevi yule yule tuliyemzika kwenye shuka mwezi uliotangulia alitokea katika picha nyingine, mzima wa afya, ananyoa watu nywele. Mjane mmoja, Mama Koleta, akasimama. Wapare tunajijua, kesi kwetu ni chakula. Alisema anafahamu vizuri kwamba ile ni picha, asionekane mshamba. "Lakini mimi nililia," akasema. "Na machozi yangu nayo yalikuwa picha?" Mtu wa kawaida angeomba radhi, mashine iendelee. Sefania aliizima, akaketi chini, na watu wakabishana kama huzuni ya kweli inaweza kuzaliwa na kifo cha uongo. Mfugaji mmoja akatoa ushahidi kwamba yeye humlilia mkewe ndotoni, na mke mwenyewe yuko pembeni anakoroma. Mkewe alikuwapo, akadai nafasi ya kujibu. Picha ya kinyozi haikumalizika, wala hakuna aliyeiulizia.

Sasa Bwana Mkubwa wetu, alipofika kutoka kwao Uingereza, alilisikia lile neno kila mahali, akadhani ni heshima ya kufungulia hotuba. Akalipenda. Siku ya sherehe za kutawazwa kwa Malkia alipanda jukwaani hapa Same akatangaza: "Inasemekana mimi ni mkubwa wenu. Inasemekana Malkia anawapenda sana." Sijawahi kusikia makofi kama yale. Yeye alishuka akisema kwamba watu wa Upare wana uelewa mkubwa, na katika hilo hakukosea.

Mambo yalikwenda hivyo hadi mwaka jana, alipokwenda kufanya mtihani wa juu wa Kiswahili na kuifungua insha yake kwa neno lile lile. Msahihishaji akamweleza maana yake. Alirudi Same masikio yamemwiva. Sefania akapewa amri: aliache neno hilo au aiache kazi. Tusidanganyane, kazi aliipenda. Kumnyang'anya mzee yule kipaza sauti ni kama kumfunga jogoo mdomo. Nilimsihi alimeze tu hilo neno, yaishe. Akakubali.

Tukaenda Kihurio. Picha ilihusu maji, na maelezo yalisema watu wa nchi hii hawakujua kamwe kuhifadhi maji mpaka walipofundishwa. Hayo alitakiwa ayaseme kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu ambao ndugu zao milimani wamechimba ndiva, yale mabwawa ya kukusanyia maji ya mifereji, tangu enzi za mababu. Wenyewe walikuwa wametoka kumwagilia mpunga siku ile ile, matope hayajawakauka miguuni. Sefania alifungua mdomo. Akaufunga. Picha nzima ikapita, mashine inanguruma peke yake. Bi Eliwaza, mkulima aliyekaa mbele, akauliza, "Sefania, kwani leo wanasemaje?" Akajibu kwamba leo ameambiwa aseme yeye, na yeye hilo hasemi. Nilimwonea fahari.

Ndiyo maana anastaafu mapema, ingawa kadi ya sherehe inataja umri. Nafasi yake imekwisha kujazwa. Picha mpya zinakuja na sauti humo humo ndani, Kiswahili laini kabisa, sauti isiyokohoa wala kuulizwa swali.

Bwana Sefania, asante kwa kutuchelewesha vijiji vyote hivyo. Bwana Mkubwa anaamini ameachana nawe. Lakini kuanzia Aprili mosi wewe si mtumishi tena, ni mtazamaji, na mtazamaji hapewi amri na idara yoyote aseme nini. Gari litapanda kwenu Ngujini wiki ya Pasaka na picha hizo mpya. Bi Eliwaza na Mama Koleta wamekwisha kuniomba lifti. Tunakuombea afya, usingizi mnono, na nafasi ya mbele kabisa.