Miss Pegi Hasemi Hivyo

Nilikuwa kwenye kola ya shati la tisa, pasi ya makaa ikiwa bado na moto mzuri, wakati Spoki alipofunga breki ya baisikeli mbele ya nyumba yangu hapa Kamenu, Thika, na kupiga kelele kwamba Miss Pegi ni mwongo. Ukutani pana benchi ambalo mume wangu alilipigilia mwaka wa hamsini na sita ili apumzike. Hajapata kupumzika, wanaolikalia ni wengine. Kuna Ephantus, mfagiaji wa mahakama, tunayemwita Wakili. Kuna Kang'ethe, fundi wa baisikeli, ndiye huyo Spoki. Na kuna Ndambuki, tunayemwita Kesho kwa sababu kila jambo kwake ni la kesho. Mchana kila mmoja ana kazi yake, jioni wanakunywa chai yangu. Mimi nilisoma mpaka sekondari, kwa hiyo nikipiga pasi huwasomea vitabu vya picha vilivyotupwa na watoto wa mzungu ninayemfulia. Waliopendwa kuliko wote ni Kapteni mmoja mwenye kidevu kikubwa na mwenzake Miss Pegi, mwanamke anayejua ramani na injini kuliko yeye.

Kwa ajili ya Miss Pegi, Ndambuki alikuwa na fomu mfukoni. Binti yake Ndila, aliyemaliza darasa la nane, alikuwa ameitwa kusomea unesi, na fomu yenye sahihi ya baba ilitakiwa kupanda lori la hospitali asubuhi inayofuata. Ndugu zake wa Gatuanyaga walitaka msichana aolewe. Ndambuki aliwahadithia habari za Miss Pegi mpaka wakaanza kulegea, wakasema: basi tuonyeshe na mwingine kama huyo. Ndipo Spoki akatumwa Ruiru, kwenye duka linalouza magazeti ya zamani ya kufungia sukari, amtafute.

— Mwongo namna gani? aliuliza Wakili.

— Nimepekua rundo mbili, zinafika kiunoni! alisema Spoki. Hakuna mama wa maana. Moja analia. Moja anaanguka. Moja amebebwa begani kama gunia ya viazi, na hakuna mtu anamuuliza anataka kwenda wapi. Nikasema pengine picha ni mbaya lakini maneno ni mazuri. Nikamwomba huyu karani, nilimkuta pale dukani, asome.

Karani alikuwa anashuka kwenye keria akijipangusa vumbi. Ni kijana wa kituo cha reli, jina lake Barasa, alikuwa na wiki moja tu Thika.

— Jambo, mama, aliniambia.

— Jambo sana. Kaa, chai ipo.

— Mwambie Kesho ulisoma nini! alisema Spoki. Tulipata Miss Pegi mwenyewe, kitabu ile ile!

— Anasema "nisaidieni", alisema Barasa. Halafu tena "nisaidieni". Ukurasa wa tisa anasema "ole wangu, nywele zangu".

Wakili aliweka kikombe chini.

— Hapana. Iko mahali amefungwa kamba kwa nguzo. Pale anasema: "Kapteni, pita mlango ya nyuma, walinzi ni wawili."

— Pale pia anasema "nisaidieni".

— Basi ni ujanja! Adui amesimama karibu. Wewe unaweza kutaja mlango ya nyuma mbele ya adui?

— Kweli, alisema Spoki, ambaye dakika moja iliyopita alimwita mwongo. Amefungwa mara sita. Mtu mmoja, mara sita! Anajifungisha makusudi, apate kusikia siri yao.

— Na kuanguka je? aliuliza Barasa.

— Anasikiliza ardhi, alisema Spoki. Gari ikiwa mbali unaisikia chini.

— Na kiatu cha kisigino kirefu, ndani ya msitu?

— Anatoboa tundu njiani, alisema Wakili. Wenzake wafuate.

— Mimi naona Kapteni ndiye hana kazi, alisema Spoki. Pale ni kidevu inalipwa mshahara.

— Halafu nyinyi hamjui mambo ya ofisi, alisema Wakili. Kule kwao mama mwenye akili hawezi kupigwa chapa bila ruhusa ya gavana. Mwenye kitabu alificha maneno. Mama Kanini peke yake ndiye ameyaona.

Ndambuki hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

— Mama Kanini. Wewe ndiye ulisoma.

Niliiweka pasi kwenye kikalio chake.

— Nilibadilisha.

— Yote?

— Ya Miss Pegi tu. Ya Kapteni niliyaacha, hayakuwa na madhara.

— Lakini kwa nini?

— Nilikuwa na mashati kumi na manne. Kusoma "nisaidieni" mara ishirini kunachosha kuliko pasi. Na kwenye picha yeye ndiye aliyekuwa karibu na dirisha, alikuwa anaona kila kitu. Nikampa la kusema.

— Ngai! alisema Wakili. Na barua zangu? Zile ndugu yangu ananisifu?

— Barua nazisoma zilivyo.

— Kwa hivyo ananisifu kweli?

— Anakusifu kidogo.

Ndambuki alikuwa ameitoa fomu. Aliikunja mara mbili, akairudisha ndani ya koti.

— Nimewaambia ndugu zangu habari ya mama ambaye hayuko. Watasema nimekuwa mtoto. Wacha nifikirie. Kesho...

— Kesho lori limekwenda, nilimwambia.

— Tutatafuta mwingine! alisema Spoki. Nitaenda mpaka Nairobi. Haiwezekani vitabu vyote viwe na mama wa kubebwa tu.

Barasa aliinua mkono kama yuko darasani.

— Samahani, wazee, mimi ni mgeni. Huyo Ndila mwenyewe anasemaje?

Spoki alianza kukaza kengele ya baisikeli iliyokuwa imekaza. Ndambuki alinitazama kana kwamba jibu limeandikwa mahali nami nitamsomea. Wiki sita nilimpa Miss Pegi maneno, na Ndila, anayeishi mlango wa tatu, sikuwa nimemwuliza neno.

Nilimtuma Kanini amwite. Ndila alikuja na mikono yenye unga.

— Hii maneno ya unesi, baba yake alisema, akatazama viatu vyake. Wewe unaonaje?

— Unaniuliza mimi?

— Nakuuliza.

— Naogopa damu, baba.

— Aca, hapana! alisema Spoki.

— Lakini baba mdogo amenichagulia mzee wa ng'ombe tisa na meno matatu. Damu nitaizoea. Yule sitamzoea. Nataka kwenda.

— Na Miss Pegi? aliuliza Wakili. Umesikia sasa ni mtu wa kulia tu?

— Nilijua zamani. Kanini aliniazima kile kitabu, nikakimaliza nikingoja maji kwenye bomba.

— Na ukanyamaza! alisema Ndambuki.

— Hukuniuliza.

Ndambuki aliomba kalamu ya Barasa, akaitandaza fomu kwenye blanketi langu la kupigia pasi, ambalo lilikuwa bado na joto. Huandika jina lake kama mtu anayepanda ukuta. Tulimngoja afike juu. Ndila aliichukua fomu kabla wino haujakauka, na hakumrudishia.

Birika lilikuwa tupu, lakini hakuna aliyeondoka. Mume wangu aliporudi kazini nilipakua muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Wanangu watatu, Kanini, Kaleli na Zacharia, kisha baba yao, Wakili, Spoki, karani, Ndambuki. Sahani zilikuwa saba, kwa hiyo Wakili alikula kwenye kifuniko cha sufuria, akinung'unika.

— Baba, sogea, alisema Ndila, akakaa kwenye benchi na bakuli lake.

Tisa. Na mimi, kumi. Wote walikuwepo.