Jailos Mgaya na Bomba la Mvuke

Kamwene, wasikilizaji wapendwa. Leo sina habari njema. Tunamkumbuka Jailos Mgaya, fundi wa kuchomelea mabomba. Alifariki mwezi wa saba, bomba la mvuke lilipopasuka kwenye kiwanda cha chai. Jailos alikuwa mzaliwa wa Igowole, mkazi wa Ilomba, Mbeya. Tulimzika kwao Igowole, kwenye ukungu na baridi kali.

Alikuwa mtu wa taratibu mpaka anaudhi. Mkewe, Sekela, alicheka kidogo akitusimulia. "Huyo bwana hata shati alikuwa ananyoosha mara mbili. Harusi zote tulifika watu wameshakula."

Na kazini alikuwa hivyo hivyo. Chuma kilichochomelewa, wasikilizaji, kikipoa hujivuta. Hujivuta kwa ndani, kando ya mshono, na mvuto huo hubaki humo. Kwa macho huoni kitu. Dawa yake ni kukipasha moto tena, kisha kukiacha kipoe polepole. Usipofanya hivyo, ufa mdogo ukianza pale, hausimami. Jailos aliwafundisha wenzake jambo hilo, na aliyepuuza alimgombeza.

Sasa, mwezi wa nne, msimu wa chai umepamba moto, bomba la kiwanda likatoboka. Jailos akaitwa kutoka Mbeya, akalichomelea. Nje wakulima wamejaa na majani mabichi, na majani ya chai hayangoji. Mmoja wao alikuwa Lusia, mdogo wake wa kuzaliwa.

Lusia anasema, "Nilimfuata ndani. Nikamwambia, kaka, majani yanaharibika, watoto watakula nini? Akanitazama weee. Akasema, haya mdogo wangu, waambie wawashe boila."

Hakulipasha moto lile bomba. Mara hiyo moja tu. Aliahidi kurudi kulipasha siku kiwanda kikisimama, na kiwanda hakikusimama. Mwezi wa saba alikuja mwenyewe kuukagua mshono. Boila imewashwa, asubuhi ya baridi, yeye ameinama pale pale. Bomba likapasuka mshononi.

Inaniuma, jamani. Aliyejua hatari ndiye aliyekubali, na alikubali kwa huruma.

Pole sana Sekela na watoto. Pole dada Lusia, hakuna anayekulaumu. Nasi tuliozoea kusimama mlangoni kwa fundi tukimhimiza amalize, tukae tulifikirie hilo leo.

Majani ya Lusia yalisindikwa yote siku ile ya mwezi wa nne. Sasa chai yake imekomaa shambani, na tangu mazishi hajaigusa.