Ann Syombua Ngui na Rinda Lake la Kijani

Kamati ya mazishi iliniomba nisome wasifu huu kwa dakika saba na nisiwe mkali. Dakika saba nitajaribu. Mimi ni Kanini Muthoka, mdogo wake marehemu. Mlio na programu mkononi, mkifungua ukurasa wa tatu mtaona imeandikwa kwamba dada yangu "aliugua kwa muda mfupi". Maneno hayo si yangu. Niliyoandika mimi yaliondolewa kabla ya programu kuchapishwa, kwa hiyo nitasoma yangu kutoka kwenye daftari hili. Kuna pia ahadi niliyompa dada yangu mwezi wa Julai, na jana kidogo tu ivunjwe. Nitaifikia.

Ann Syombua alizaliwa tarehe 14 Aprili 1971 hapa Katangi, Yatta. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu mzee Muthoka na mama yetu Ndila, ambaye tuko naye hapa mbele. Mama anasema alikuwa mtoto asiyeweza kuacha kitambaa kikae. Akibebwa mgongoni alikuwa akivuta uzi wa leso mpaka pindo linaisha, na Mama akifika sokoni anakuta amefumuliwa.

Alisoma shule ya msingi hapa Katangi na akafanya KCPE mwaka wa 1986. Sekondari alifika kidato cha pili tu. Baba aliugua, na katika nyumba yetu aliyeitwa arudi kumsaidia Mama shambani akawa yeye. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Hakuwahi kulalamika, lakini mimi nalalamika kwa niaba yake, maana alikuwa akipata hesabu zote. Mwaka wa 1989 alijiunga na politekniki ya vijana, akasomea ushonaji kwa miaka miwili.

Mwaka wa 1992, nikiwa na miaka kumi na miwili, alijaribu kunifundisha kupinda sketi yangu ya shule. Nilishona, nikampelekea. Aliangalia mara moja, akasema, "Fumua." Nikafumua, nikashona tena. "Fumua." Tulienda hivyo mara sita, na mimi nalia. Mara ya saba aliichukua sketi, akaipinda mwenyewe, akaniambia, "Wewe Kanini utakuwa mtu wa kusoma tu." Nikawa mwalimu. Kushona sijui hadi leo.

Tarehe 16 Desemba 1995 alifunga ndoa na Antony Ngui katika kanisa letu hapa Katangi. Gauni la harusi alishona mwenyewe, na suti ya bwana harusi pia. Saa mbili asubuhi ya harusi aliona bega moja la koti limekaa vibaya, akalifumua. Shemeji yangu alisimama mbele ya altare akiwa na pini tatu begani, na ndiyo sababu katika picha zote amekaa wima namna ile. Watu walidhani ni heshima. Mungu aliwapa watoto wawili, Mwendwa mwaka wa 1997 na Justus mwaka wa 2001.

Kuanzia mwaka wa 1998 hadi 2006 Syombua alifanya kazi katika kiwanda cha nguo kule Athi River. Huko mtu hashoni shati, anashona kipande. Kipande chake kilikuwa mfuko wa kifuani, upande wa kushoto. Miaka minane, mfuko wa kushoto, shati baada ya shati, na hakuwahi kuona hata moja likiwa na vifungo. Mwaka wa 2007 aliacha, akafungua duka lake Mumbuni na cherehani mbili. Nusu ya watoto wa Mumbuni walienda shule wakiwa wamevaa mikono yake.

Sasa nafika pale ambapo kamati ilikata.

Dada yangu hakuugua kwa muda mfupi. Aliugua miaka minne na miezi minane. Ugonjwa unaitwa saratani ya titi. Padri anisamehe, wazee wanisamehe, lakini hilo ndilo jina lake, na mjomba wetu Mwangangi, mwenyekiti wa kamati, aliponiambia kwamba neno hilo halisemwi mbele ya kaburi, nilimuuliza lisemwe wapi. Hospitalini tulilisema kwa kunong'ona. Nyumbani tulisema "ile kitu". Kanisani tulisema "shida ya kifua", na watu wakamletea dawa ya kikohozi.

Alishika kivimbe kwenye titi kwa mara ya kwanza mapema Januari 2021. Mnakumbuka mwezi ule. Shule zilikuwa zimefungwa miezi mingi kwa ajili ya korona, watoto wamerefuka nyumbani, na siku zilipofunguliwa hakuna aliyeingia katika sare yake ya zamani. Dukani foleni ilifika barabarani. Syombua alijiambia amalize sare kwanza. Alimaliza mwezi wa Machi. Zahanati aliyoenda, ambayo sitaitaja, ilimwambia ni uvimbe wa kawaida, ikampa vidonge. Akarudi Mei, akapewa vidonge vilevile. Akarudi Julai. Mimi nilijua mwezi wa Agosti tu, na nikajua kwa sababu nilimwona akikata kitambaa kwa mkono mmoja. Nilimgombeza mpaka sauti ikakauka. Yeye alinijibu, "Watoto wangeenda shule na nini, Kanini?" Nilikasirika wakati ule na sijamaliza kukasirika.

Mwezi wa Novemba 2021 titi la kushoto lilikatwa katika hospitali kubwa ya mjini. Kidonda kilipopona, kilichomsumbua si kioo, ni mavazi. Kila rinda lilianguka upande mmoja. Fundi mzima, aliyefumua koti la bwana harusi, sasa anatembea Mumbuni na rinda lililopinda! Hilo ndilo lililomliza. Akachukua kitambaa cha pamba, akashona titi, na kwa kuwa pamba peke yake ilikuwa nyepesi, akalijaza mbaazi, hizi nzuu zetu, kutoka shamba la Mama. Aliliita Jirani, kwa sababu lilikuwa likikaa karibu na lile lingine.

Jirani wa kwanza alimwaibisha. Mbaazi hazikuwa zimewekwa dawa. Jumapili ya pili ya Kwaresima, katikati ya wimbo, fukusi walianza kutoka shingoni mwake mmoja mmoja, wakatembea juu ya kitabu cha nyimbo. Wanawake wa kwaya walinyamaza. Syombua aliwapangusa kwa kidole, akaendelea na sauti ya pili mpaka mwisho, kisha akatoka nje akacheka mpaka akakaa chini. Kuanzia siku hiyo alizikaanga mbaazi kwanza kwenye sufuria kavu. Akazipeleka kwa mwenye bucha karibu na duka, wakazipima kwenye mizani ya nyama mpaka akapata uzito unaolingana na upande wa kulia. Gramu mia tatu. Aliuandika ndani ya kitambaa kwa kalamu, asisahau.

Mwaka wa 2022 alianza dawa ya saratani ya kutiwa mshipani, kule hospitalini, kila baada ya wiki tatu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza. Aliingia pale siku ya kwanza na kyondo kimejaa nguo za watu za kushonwa, na mimi nikakasirika, maana nilikuwa nimembebea blanketi na uji. Kwenye benchi la kungojea kulikuwa na mwanamke anaitwa Ndanu, amekonda, ameshikilia sketi yake kiunoni kwa mkono isianguke. Syombua hakumuuliza habari ya ugonjwa. Alimwambia, "Hebu simama nione hiyo kiuno." Akaipunguza papo hapo. Wiki tatu baadaye Ndanu amekonda tena, Syombua akaipunguza tena. Mara nne. Kufika mwezi wa Juni benchi zima lilikuwa likija na nguo zake, na wauguzi na zipu zao, na wanawake wanane walikuwa na Jirani wao, kila mmoja kapimwa kwa mwenye bucha.

Nilimwambia apumzike. Nilimwambia hivyo kila safari, mpaka siku moja akaweka sindano chini, akaniangalia. "Nikikaa bure nawaza," alisema. "Nikishona nawaza pia, lakini angalau kuna kitu inatoka. Na hawa wamama, ukiwaambia wasiogope, wataogopa zaidi. Wewe wape tu kifungo washike." Nililoweza kufanya ni dogo. Dawa ilimharibu vidole, vikafa ganzi, sindano ikawa inaanguka naye haihisi. Kwa hiyo nikawa mtu wa kumtilia uzi. Nilikaa kando yake na sindano kumi na mbili, zote zina uzi, nimezichomeka kwenye mkono wa sweta yangu, naye anachukua moja moja. Ndizo saa nzuri zaidi nilizokaa na dada yangu, na zilikuwa kwenye benchi la hospitali. Jambo hilo linaniudhi pia.

Ndanu alipona. Mwaka wa 2023 alianza kunenepa, na sketi ileile Syombua akaiachilia, mara nne. Ndanu yuko hapa leo, na ndiyo aliyovaa. Kwa Syombua haikuwa hivyo. Mwezi wa Mei 2024 ugonjwa ulirudi, safari hii kwenye mifupa, na nguo zake yeye zilikuwa za kupunguzwa tu. Watu waliendelea kumletea suruali mpaka kitandani. Wengine mko hapa. Sitawataja.

Mwezi wa Julai mwaka huu alimaliza rinda la kijani, na ndani yake akashona mfuko wa Jirani. Aliniita chumbani, akanionyesha. "Hii ndiyo mtanizika nayo, na Jirani akiwa ndani. Sitaki nilale mbele ya watu nimeangukia upande mmoja. Mimi ni fundi. Umesikia?" Nilisema nimesikia. "Sema utafanya." Nikasema nitafanya. Alifariki nyumbani kwake Mumbuni tarehe 9 Septemba 2025, Jumanne, saa nne asubuhi. Mwendwa alikuwa amemshika mkono mmoja na mimi mwingine.

Jana Ijumaa akina mama walienda mochari kumvika. Mimi nilichelewa, nilikuwa nabishana na kamati kuhusu ukurasa wa tatu. Nilipofika nilimkuta amevikwa rinda la kijani, na upande wa kushoto umeanguka. Mfuko ulikuwa umefumuliwa kwa wembe. Nilimuuliza Anti Mwelu, mdogo wake Mama, Jirani yuko wapi.

"Hiyo nimetoa," Anti alisema. "Mtu aende kwa Mungu vile alivyo."

"Na mbaazi?"

"Si nimepea watoto warudishe kwa gunia ya jikoni. Kanini, mvua haijanyesha hapa, na wewe unataka nzuu safi hivyo iende kuoza kwa kaburi?"

Nilipiga kelele pale mochari. Naomba radhi kwa waliosikia, isipokuwa Anti. Maana nilipokimbia nyumbani mbaazi zilikuwa zimeshachanganywa na zile za wageni, na zimelowekwa. Kwa hiyo, wageni wapendwa, mkila leo mkikuta mbaazi moja ngumu katika sahani, mjue ilikaangwa na Syombua mwenyewe. Itafuneni kwa heshima.

Haya yanayofuata nimeyaandika kwenye gari tukija. Asubuhi hii nilikaanga mbaazi nyingine. Saa kumi na mbili nilikuwa kwa mwenye bucha, naye akazipima bila kuuliza, gramu mia tatu, akatoa kofia. Saa moja nikawa mochari. Mhudumu alinipa dakika kumi. Nilitia uzi kwenye sindano, kazi ninayoijua. Kisha nikaangalia kando, nikakuta hakuna wa kumpa. Anti Mwelu alikuwa amenifuata, sijui nani alimwambia. Alishika kitambaa kwa vidole viwili ili kisisogee, nami nikamtia Jirani ndani, nikashona mfuko wa kifuani, upande wa kushoto.

Ann Syombua ameacha mume wake Antony Ngui, watoto wake Mwendwa na Justus, mama yake Ndila, na mimi. Ameacha wanawake wa benchi, walio kwenye viti vya nyuma pale. Ameacha pia suruali tatu zilizokwisha kushonwa ambazo wenyewe hawajazichukua. Ziko kwa Mwendwa, njooni mzichukue.

Dada, rinda limekaa sawa pande zote mbili, nimeliangalia mara tatu. Mshono wa ndani umepinda, najua, na hakuna mwingine atakayeuona. Nakuomba safari hii usiufumue. Tuliza mikono, ulale.